Toyota Corolla: Ubora na Udhaifu wa Gari la Bei Nafuu, kutoka Japani ya 1966 hadi Barabara za Afrika Mashariki

Utangulizi

Katika masomo yetu ya historia ya uchukuzi tunasoma sana kuhusu reli ya Uganda, bandari ya Mombasa na malori ya masafa marefu. Gari dogo la familia hutajwa kwa nadra, ingawa limebadilisha maisha ya kila siku ya wakazi wengi wa miji yetu katika miaka 30 iliyopita. Mwalimu aliyechoka kugombea nafasi katika matatu, muuguzi wa zamu ya usiku, mchuuzi wa nguo anayezunguka magulio ya wilaya, dereva wa teksi anayesomesha watoto: wengi wao waliingia barabarani kwa gari la aina moja. Gari hilo ni Toyota Corolla.

Kwa kawaida gari hujadiliwa kwa orodha mbili, sifa upande huu na kasoro upande ule. Orodha hizo humfaa mnunuzi, lakini mwanahistoria anapaswa kuuliza zaidi. Sifa hizo zilikuwa sifa kwa nani, wapi, na wakati gani? Hoja ya makala hii ni kwamba ubora wa Corolla ulitokana na mizani iliyopimwa Japani mwaka 1966 kati ya bei, uimara na raha, na kwamba kasoro zake zilidhibitiwa huko kwa sheria na taasisi. Gari lilipofika kwetu likiwa limetumika, ubora wake ulikuja nalo, lakini sheria na taasisi zile zilibaki kwao. Pengo hilo ndilo tunalolilipia hadi leo.

Japani yatafuta gari la wananchi

Miaka 10 baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mjapani wa kawaida bado hakuwa na gari. Mwaka 1955 Wizara ya Biashara ya Kimataifa na Viwanda ilipendekeza "gari la wananchi", yaani gari dogo ambalo familia ya kipato cha wastani ingeweza kulinunua. Mwaka 1960 serikali ya Waziri Mkuu Hayato Ikeda ilitangaza mpango wa kuongeza pato la taifa maradufu katika miaka 10. Mishahara ikapanda. Tokyo ikaandaa Michezo ya Olimpiki mwaka 1964, na barabara kuu ya kwanza ya mwendo wa kasi, Meishin, ikafunguliwa kwa sehemu mwaka 1963 na kukamilika mwaka 1965. Barabara ilikuwepo, fedha zilikuwepo, ila gari lenyewe halikuwa limepatikana.

Toyota ilikuwa imejaribu mapema. Mwaka 1961 ilitoa gari lililoitwa Publica, lenye injini ndogo ya sentimita za ujazo 697 iliyopozwa kwa hewa, kwa bei ya yen 389,000. Lilikuwa imara na la bei ndogo, lakini mauzo yake hayakufikia matarajio. Lilikuwa kavu mno. Hata redio na kipasha joto vilikosekana katika toleo la chini. Toyota ilijifunza jambo la kibinadamu kutokana na hilo. Mtu anayenunua gari lake la kwanza kwa akiba ya miaka mingi hataki jirani aone kwamba amenunua kitu cha kimaskini. Anataka gari la bei nafuu lisiloonekana kuwa la bei nafuu.

Kanuni ya alama 80

Mhandisi mkuu wa Corolla, Tatsuo Hasegawa, alikuwa amesanifu ndege za kivita kabla Japani haijashindwa mwaka 1945. Ndiye pia aliyekuwa ameisimamia Publica. Safari hii alifuata kanuni ambayo mwanafunzi yeyote ataielewa haraka: gari lisipate chini ya alama 80 katika somo lolote, na katika masomo machache lipate zaidi ya 90 ili mnunuzi alipende. Publica ilifaulu sana katika uchumi ikafeli katika raha. Corolla haikutakiwa kuwa ya kwanza katika kila jambo, ila haikuruhusiwa kufeli popote.

Mshindani mkubwa alikuwa Nissan, ambaye alianza kuuza Datsun Sunny mwezi Aprili 1966 ikiwa na injini ya takribani sentimita za ujazo 1,000. Toyota nayo ilikuwa imepanga injini ya ukubwa huohuo, lakini iliikuza hadi 1,077 na kuifanya tofauti hiyo kuwa hoja kuu ya matangazo yake. Corolla iliingia sokoni mwezi Novemba 1966. Toleo la chini liliuzwa kwa yen 432,000, juu kidogo ya Sunny, na bado wanunuzi walikubali kulipa. Gia zake nne zilibadilishwa kwa mkono uliosimama sakafuni, wakati magari mengi ya Kijapani yalikuwa na mkono wa gia kwenye nguzo ya usukani na watu waliona gia ya sakafuni kuwa mambo ya lori. Toyota ilijenga kiwanda kipya cha Takaoka mahsusi kwa ajili ya gari hili kabla haijajua kama litauzika. Wajapani wanaukumbuka mwaka 1966 kuwa mwanzo wa enzi ya gari binafsi.

Matokeo yanajulikana. Mwaka 1974 Corolla ilikuwa gari lililouzwa zaidi duniani, mwaka 1997 jina lake lilipita rekodi ya Volkswagen Beetle, na mwaka 2021 mauzo ya tangu mwanzo yalivuka magari milioni 50. Hata hivyo tusidanganywe na jina. Corolla ya 1966 ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na saluni ya kizazi cha 1983 ikahamia magurudumu ya mbele. Bodi, injini na umbo vilibadilika mara nyingi. Kilichodumu ni ile kanuni ya kutofeli popote.

Gharama iliyolipwa na Japani

Ushindi huo ulikuwa na upande wa giza, na Wajapani walikutana nao kabla yetu. Mwaka 1970 watu 16,765 walikufa katika ajali za barabarani nchini humo, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote mwingine katika historia yao. Watu walianza kusema kwamba kuna "vita vya barabarani". Moshi wa magari na viwanda ulitanda juu ya miji, na mwishoni mwa 1970 bunge lilikaa kikao maalumu kilichopitisha sheria 14 za kupambana na uchafuzi. Kufikia mwaka 1978 Japani ilikuwa na viwango vya moshi wa magari madogo vilivyokuwa miongoni mwa vikali kabisa duniani.

Pamoja na hayo kulikuwa na ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Kwa utaratibu wa sasa, gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo pamoja na kodi, bima na matengenezo yanayoambatana nao ni ghali. Mwenye gari la miaka minane au kumi hujiuliza: nilipe tena, au niongeze kidogo ninunue jipya? Wengi huuza.

Hapa ndipo historia yetu inapoungana na yao. Sheria inayolinda barabara za Japani ndiyo hiyohiyo inayosukuma nje ya nchi magari yenye hali nzuri kwa bei ya chini. Udhaifu wa gari ulishughulikiwa huko kwa kulikagua na hatimaye kuliondoa. Likaondolewa likaja kwetu.

Njia ya kuja Afrika Mashariki

Corolla haikupata nafasi tupu. Katika miaka ya 1960 gari lililoheshimiwa kwenye barabara za vumbi za ukanda wetu lilikuwa Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Imani ilianza kuhamia kwa Wajapani Datsun iliposhinda mwaka 1970. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya mwaka 1972, alishinda na Datsun mwaka 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Aliyesimama kando ya barabara akitazama magari yakipita aliona kwa macho yake ni chuma gani kinachofika mwisho.

Lakini kuliamini gari ni jambo moja na kulinunua ni jingine. Fedha za kigeni zilidhibitiwa na serikali, na gari jipya lilikuwa la afisa, mfanyabiashara mkubwa au shirika. Uganda hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kulivuruga biashara ya magari na vipuri, na spea ikawa bidhaa ya magendo. Kenya ilianzisha viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa katika miaka ya 1970. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kutengeneza gari la Kikenya, na mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani. Halikuwahi kutengenezwa kwa wingi.

Wakati huohuo milango ya biashara ilikuwa ikifunguliwa. Uganda iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha mwaka 1990, Tanzania ikapitisha sheria ya fedha za kigeni mwaka 1992, na Kenya ikalegeza masharti yake katika miaka iliyofuata. Mfanyabiashara wa kawaida sasa aliweza kununua dola na kuagiza gari lililotumika kupitia Mombasa au Dar es Salaam. Mtumba wa magurudumu ukaanza.

Bahati ilitusaidia. Kizazi cha Corolla cha 1991 kilibuniwa wakati uchumi wa Japani ulikuwa umefura, na Toyota haikubana matumizi katika kukitengeneza. Kizazi cha 1995 kilibuniwa baada ya uchumi huo kuporomoka, na gharama zikapunguzwa. Kwa hiyo fundi anayesema kwamba Corolla ya zamani ilikuwa nzito na imara kuliko iliyoifuata hasemi kwa mazoea tu; anasoma historia ya uchumi wa Japani kwenye mabati ya mlango. Kampala ililipa gari la 1991 jina la Kikumi, yaani mia moja kwa Kiluganda, kutokana na namba yake ya kiwandani AE100. Lililofuata, AE110, likaitwa Kikumi mu Kkumi. Gari likipewa jina na watu wa mtaani, limekwisha kuwa lao.

Ubora wake katika mazingira yetu

Ubora wa kwanza ni kwamba fundi anaweza kulielewa. Injini za Corolla za miaka ya 1990 zilikuwa rahisi kufikiwa na mkono, na zilivumilia uzembe. Mfano mzuri ni injini ya 5A-FE ya lita 1.5. Mkanda wake wa taimingi ukikatika njiani gari huzima, lakini pistoni hazigongani na valvu. Mwenye gari huvutwa hadi gereji, huwekewa mkanda mpya, na safari huendelea. Katika injini nyingine nyingi kosa hilohilo humaanisha kuvunja injini nzima.

Ubora wa pili ni vipuri. Kwa kuwa magari yalikuwa mengi, spea zilikuwa nyingi, na kwa kuwa spea zilikuwa nyingi, watu walizidi kununua magari hayo. Soko la Kisekka jijini Kampala, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam ni vyuo vya ufundi visivyo na vyeti. Kijana aliyeacha shule hujifunza huko kutambua giaboksi kwa kuiangalia mara moja, na huishi kwa ujuzi huo.

Ubora wa tatu hauandikwi katika vitabu vya magari. Corolla ni akiba. Ada ya chuo ikikaribia au mgonjwa akilazwa, huuzwa upesi kwa bei inayojulikana. Babu zetu wa magharibi mwa Uganda waliweka akiba hiyo zizini. Wazazi wetu waliiweka uani, chini ya mwembe, ikiwa na matairi manne. Gari ghali la Ulaya linaweza kuwa zuri zaidi, lakini husubiri mnunuzi kwa miezi.

Udhaifu wake

Kasoro ndogo ni nyingi na zinazoeleka. Redio ya Kijapani hukoma kwenye masafa ya 90, huku stesheni zetu nyingi zikiwa juu ya hapo, hivyo mwenye gari hununua kifaa cha kuzivuta. Gari liko chini na hukwangua tumbo kwenye barabara za murram. Makala ya historia haina haja ya kukaa hapo. Kasoro kubwa ni nne.

Ya kwanza ni upande wa usukani. Japani huendesha kushoto, kama Uganda, Kenya na Tanzania zilizotawaliwa na Waingereza, kwa hiyo gari la Kijapani linatufaa bila kubadilishwa. Rwanda, Burundi na Kongo zilirithi kuendesha kulia kutoka kwa Wabelgiji. Gari lilelile likivuka mpaka huwa hatari. Dereva anayetaka kulipita lori akiwa ameketi upande wa ukingo wa barabara haoni mbele, na abiria wa mbele hushuka upande wa magari yanayopita. Rwanda ilipiga marufuku magari ya usukani wa kulia mwaka 2005. Bujumbura na Lubumbashi magari hayo yameendelea kuonekana kwa wingi, kwa sababu bei yake ni ya chini. Uzuri wa Kampala ni ubaya wa Bujumbura, ingawa chuma ni kilekile. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi mipaka ya kikoloni inavyoamua nani apone na nani aumie.

Ya pili ni usalama. Gari dogo la mapema miaka ya 1990 lilitengenezwa wakati mifuko ya hewa ilikuwa bado kitu cha kuongezewa kwa malipo. Kisha likatumika Japani miaka minane, na kwetu miaka 15 au 20 zaidi, likibeba abiria sita mahali pa watano, kwa breki zilizobadilishwa kwa kilichopatikana. Uimara wa injini hapa hugeuka mtego, kwa kuwa injini huendelea kuwaka muda mrefu baada ya sehemu zinazolinda uhai kuchoka.

Ya tatu ni moshi. Viwango vya Japani vilitimizwa kwa vifaa vinavyosafisha moshi kabla haujatoka kwenye ekzosi. Vifaa hivyo vikiziba au vikiibwa kwa ajili ya madini yake, gharama ya kuvirudisha ni kubwa, na bomba tupu huwekwa badala yake. Gari linaendelea, na anayevuta moshi ni mtoto anayetembea kwenda shule kando ya barabara.

Ya nne ni ya kiuchumi. Gari jipya lililounganishwa Afrika Mashariki halikuweza kushindana na bei ya mtumba. Tumekuwa mabingwa wa kukarabati kitu ambacho hatukukisanifu. Ujuzi wa Kisekka ni mkubwa kweli, lakini huanzia pale ambapo kazi ya Takaoka huishia.

Sheria za umri

Serikali zetu zimejibu hasa kwa kuhesabu miaka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania huongeza ushuru kwa gari kuukuu badala ya kulizuia. Sheria hizi zina sababu nzuri, lakini tukizilinganisha na historia ya Japani tunaona zimechukua nusu ya somo. Japani iliendelea kulikagua gari kila baada ya miaka michache maisha yake yote. Sisi huliangalia zaidi linapoingia. Umri huhesabiwa mara moja bandarini, lakini breki huchakaa kila siku. Matokeo ni kwamba mwalimu anayetaka kununua gari lake la kwanza hulipa zaidi, wakati gari bovu lililoingia mwaka 1998 bado linapita mbele ya shule yake.

Hitimisho

Je, Corolla ni gari zuri? Historia inajibu kwamba lilikuwa jibu zuri kwa swali la Wajapani wa 1966, na limekuwa jibu la kutosha kwa swali letu la miaka ya 1990: mtu wa kipato cha kati atapataje usafiri wake mwenyewe? Udhaifu wake mkubwa hauko kwenye injini wala kwenye gia. Uko kwenye mambo ambayo gari haliwezi kuja nayo ndani ya meli: ukaguzi, viwango vya moshi, barabara zinazomlinda mtembea kwa miguu, na viwanda vinavyoajiri wanaolifahamu.

Sasa swali la tatu linaulizwa. Wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na mwaka 2014 ikafuata Kiira EV Smack, saluni ya abiria watano inayotumia petroli na umeme. Baadaye mradi huo ukaelekea zaidi kwenye mabasi. Volkswagen ilianza kuunganisha magari Kigali mwaka 2018. Ni mapema kuzihukumu juhudi hizi, ila Publica inatuonya kwamba bei ndogo peke yake haiuzi gari, na Nyayo Pioneer inatuonya kwamba fahari ya taifa peke yake haijengi kiwanda.

Magari ya umeme yaliyotumika nayo yameanza kuwasili, na betri zake huchakaa kama breki zinavyochakaa. Tukiyapokea kama tulivyoipokea Corolla, tukifurahia bei na kuahirisha ukaguzi, tutaandika makala kama hii tena baada ya miaka 30. Watakaokuwa wamelipa ni walewale: abiria wa kiti cha nyuma, mtoto wa kando ya barabara, na kijana wa Kisekka ambaye angeweza kuwa mhandisi.